Mgongo Uumao Usirudishwe Chini ya Mzigo Uleule

Kwa muda mrefu tumekuwa na desturi ya kumpima mgonjwa wa mgongo kwa swali moja tu: umepona au hujapona? Akijibu kwamba hajapona, huambiwa akalale. Akijibu kwamba amepona, hurudishwa kazini, na siku hiyohiyo huinama tena chini ya gunia lililomwangusha. Sisi twaamini kwamba swali hilo lina kasoro. Kasoro yake inawanyang'anya wananchi wengi nguvu zao kimya kimya, pasipo ajali ya kuandikwa magazetini wala taarifa ya kupelekwa polisi. Swali lifaalo kuulizwa ni jingine: mtu huyu anarudi kwenye mzigo gani?

Ili kulieleza jambo hili vyema, tumeona tuanzie mbali na bahari. Piyaya ni kata ya Wilaya ya Ngorongoro, Mkoa wa Arusha, katika nyanda za malisho zilizo mashariki ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Wakazi wake wengi ni Wamasai, na uhai wao ni mifugo. Msomaji wa Unguja, Pemba au Mafia ana haki ya kuuliza: Piyaya yatuhusu nini sisi tulio visiwani? Yatuhusu kwa sababu huko watu walio wengi hawana mwajiri, hawana mkataba, wala hawana msimamizi wa zamu. Mzigo wa huko haukufunikwa na karatasi yoyote. Unaonekana kama ulivyo, na atakayeuelewa ataelewa pia mizigo yetu ya pwani.

KAZI

Katika mila za Kimasai, nyumba hujengwa na mwanamke. Yeye ndiye akataye fito, azisimamishaye, kisha akandike kuta na paa kwa udongo na samadi. Na mvua inapofumua paa, ndiye arudiaye kuliziba. Yeye ndiye akamuaye ng'ombe asubuhi na jioni, hali ameinama. Yeye ndiye aendaye kuteka maji na kutafuta kuni. Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20 za maji matupu, bila kulihesabu dumu lenyewe. Mzigo wa kuni hulazwa mgongoni na kushikwa kwa mkanda uliopitishwa kichwani, hivyo shingo na kiuno huvutwa kwa pamoja. Wakati wa kiangazi, maji yanapokimbia, uzito wa dumu hubaki uleule lakini njia hurefuka.

Wanaume nao hawakusalimika. Kuchunga ni kutembea mwendo wa kutwa. Kunywesha mifugo kisimani ni kuvuta maji, ndoo baada ya ndoo. Kumkamata fahali wakati wa chanjo ni kazi inayoweza kumpindua mtu kiuno kwa dakika moja. Tena wapo watumishi wa serikali waliopangiwa maeneo kama hayo: mwalimu, muuguzi, bwana mifugo. Hawa huzunguka kwa pikipiki katika njia za mawe na mashimo, na imethibitika kwamba mtikisiko wa muda mrefu wa chombo ni miongoni mwa mambo yanayoudhuru mgongo.

Sasa mama wa Piyaya akishikwa na mgongo, anarudi kazini lini? Jibu ni kwamba anarudi kesho alfajiri. Ng'ombe hawatambui likizo ya ugonjwa, wala ndama hangoji cheti cha daktari. Hospitali ya Wasso, upande wa Loliondo, si mahali pa kwenda na kurudi kwa miguu, hasa kwa mtu asiyeweza kunyoosha kiuno. Mkazi wa Kojani au Tumbatu anayengoja mashua ili amvushe mgonjwa wake anaelewa hali hiyo bila kuelezwa zaidi.

UGONJWA

Yafaa kwanza tufahamu ugonjwa wenyewe. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani waliumwa sehemu ya chini ya mgongo, na kwamba ifikapo mwaka 2050 huenda wakawa milioni 843. Hakuna maradhi mengine yanayowazuia watu wengi zaidi kufanya shughuli zao. Katika kila wagonjwa kumi, wapatao tisa hawana ugonjwa maalumu unaoweza kutajwa. Hapana mfupa uliovunjika wala uvimbe. Ni misuli, kano na viungo vya uti wa mgongo vilivyochoka, vikakasirika, na mara nyingi hutulia vyenyewe baada ya wiki chache.

Hata hivyo yule mmoja aliyebaki asisahauliwe. Maumivu ya mgongo yanayofuatana na homa, kukonda, au kutokwa jasho jingi usiku yaweza kuwa kifua kikuu kilichoingia katika pingili za uti wa mgongo. Miongoni mwa wafugaji iko pia brusela, ugonjwa wa mifugo unaompata binadamu kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa au kwa kumhudumia mnyama anayezaa au aliyetupa mimba. Homa yake huja na kuondoka, viungo huuma, na mara nyingi mgongo nao huuma. Mgonjwa wa namna hiyo hahitaji kuchuliwa wala kupewa vidonge vya maumivu vya siku tatu. Anahitaji kupimwa, kisha kutibiwa kwa dawa za kuua vijidudu kwa muda wa wiki kadhaa. Na yeyote ambaye miguu yake imekosa nguvu ghafla, au amekufa ganzi sehemu za siri, au ameshindwa kuzuia mkojo, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Hilo si jambo la kungoja.

KITANDA

Zamani waganga wa hospitali waliamini kwamba dawa ya mgongo ni kitanda. Mgonjwa alilazwa juu ya ubao mgumu kwa wiki nzima au mbili. Imani hiyo imekwisha kupimwa na kuonekana haina msingi. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa wafanyakazi wa jiji la Helsinki, nchini Ufini. Wagonjwa waligawanywa makundi matatu: waliolala siku mbili, waliopewa mazoezi ya mgongo, na walioambiwa waendelee na shughuli zao za kawaida kwa kadiri maumivu yanavyoruhusu. Kundi la tatu ndilo lililopata nafuu upesi zaidi, na waliolala ndio waliochelewa kuliko wote.

Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani Desemba 2023, kwa ajili ya maumivu ya mgongo yaliyodumu, unakwenda njia hiyohiyo. Unahimiza mazoezi, na mgonjwa kuelezwa vyema hali yake. Hauungi mkono ile mikanda ya kufunga kiunoni ambayo watu wengi huinunua kwa fedha nyingi, wala kuvutwa mgongo kwa mitambo, wala dawa kali za jamii ya afyuni.

Basi ni kweli kwamba mwendo ni sehemu ya tiba, na kwamba kurudi kazini mapema, hata kabla maumivu hayajakwisha kabisa, kwaweza kumsaidia mgonjwa. Mtu aliyekaa miezi sita nje ya kazi hurudi kwa taabu kuliko aliyekaa wiki mbili. Misuli yake hulegea, hofu humwingia, na mkono wa kipato hukauka.

Lakini hapa ndipo tunapotaka viongozi wetu wasikilize kwa makini. Ukweli huu ukishikwa nusu huwa hatari. Msimamizi asiye na huruma ataupokea kwa furaha na kusema: wataalamu wamesema kulala si dawa, basi inuka ubebe! Wataalamu hawakusema hivyo. Walisema atembee, ajinyooshe, afanye kazi kwa kadiri awezavyo. Kutembea na kubeba kilo mia moja ni mambo mawili tofauti.

MZIGO

Mwaka 1997 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa Sherbrooke, nchini Kanada, kwa wafanyakazi waliokuwa nje ya kazi kwa sababu ya mgongo. Baadhi yao walipata matibabu ya kawaida tu. Wengine walipata matibabu na, pamoja na hayo, wataalamu walikwenda mahali pao pa kazi wakakaa na mfanyakazi na mwajiri, wakatazama kazi yenyewe na kuirekebisha. Hao wa pili walirudi kwenye kazi yao mara 2.4 upesi zaidi kuliko wale wa kwanza. Maana yake ni wazi. Kilichopunguza siku za ugonjwa ni kutibiwa kwa mtu na kutibiwa kwa kazi yake pia.

Tukiitazama mizigo yetu kwa macho hayo tutaona aibu. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 1967 Mkataba Nambari 127 kuhusu uzito wa juu kabisa ambao mfanyakazi mmoja anaruhusiwa kubeba. Pendekezo lililoandamana na mkataba huo lilitaja kilo 55 kwa mwanamume mzima, na kwa mwanamke uzito ulio chini zaidi sana. Sisi Tanzania Bara tumepigana vita vya miaka mingi dhidi ya lumbesa, na sheria ya vipimo imeweka kikomo cha kilo 100 kwa mazao yanayofungashwa. Vita hivyo ni vya haki, kwani vinamlinda mkulima asipunjwe. Lakini hebu tutazame hesabu: gunia halali kabisa, lililopita mbele ya mpimaji bila lawama, lina uzito unaokaribia mara mbili ya kile ambacho dunia ilipendekeza kwa mgongo wa mwanamume mzima tangu mwaka 1967. Mizani yetu imemlinda anayeuza na anayenunua. Anayebeba hakuulizwa.

VISIWANI

Nasi wa visiwani tusijidhani tumo nje ya hesabu hiyo. Hamali wa bandarini hulipwa kwa gunia, na kwa sababu hiyo akiumwa hulificha jambo lake, maana siku asiyobeba ni siku asiyokula. Mvuvi huvuta nyavu na kukokota chombo mchangani. Mchumaji wa karafuu hushinda juu ya mti, kisha hushuka na kupakia.

Mfano ulio karibu zaidi na mama wa Piyaya ni mkulima wa mwani. Kilimo hicho kilianza kibiashara Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, na tangu mwanzo walio wengi ndani yake ni wanawake. Maji yanapokupwa, mama huingia baharini akainama kwa saa kadhaa, akifunga miche ya mwani mmoja mmoja katika kamba zilizotandazwa baina ya vigingi. Siku ya kuvuna, mwani mbichi uliojaa maji ya chumvi hutiwa katika gunia na kuburutwa au kujitwika hadi pwani. Bamvua haimngoji aliyeumwa. Akikosa siku chache za maji kupwa, mazao hung'oka na kuchukuliwa na mkondo. Kwa hiyo yeye pia hurudi kazini kesho alfajiri, chini ya mzigo uleule.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeutazama kutoka mbali huuona mwepesi. Methali hiyo inatuhusu sisi tuandikao tukiwa tumeketi, na inawahusu waheshimiwa wapangao mipango wakiwa wameketi.

SHERIA

Haitakuwa haki kusema kwamba serikali imelala. Upande wa Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kipindi cha miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na siku 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilileta Mfuko ulioanza kazi Julai 2015, nao hautoi fedha za fidia tu bali pia huduma za utengamao ili aliyeumia aweze kurudi kazini. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Nambari 11 ya mwaka 2005, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini, Nambari 8 ya mwaka huohuo.

Zaidi ya hayo, kanuni za utendaji bora zilizotolewa Bara mwaka 2007 zinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha kazi mtu kwa sababu ya maradhi au kuumia, atafute kwanza kama ipo kazi nyingine anayoiweza, au kama kazi yake yaweza kurekebishwa. Hii ni kanuni njema sana. Kosa letu ni mahali tulipoiweka. Tumeiweka kwenye mlango wa kutokea, ikumbukwe pale mtu anapokaribia kufukuzwa. Sisi twaitaka kwenye mlango wa kuingilia, ikumbukwe siku ya kwanza anaporudi.

Tena sheria hizi kwa sehemu kubwa zinamtambua mtu mwenye mwajiri. Karani wa wilaya atahesabiwa siku zake 63. Mama wa Piyaya na mama wa Paje hawana wa kuwahesabia. Kwao likizo ya ugonjwa haina maana yoyote, lakini kupunguziwa mzigo kuna maana kubwa. Ndiyo maana twasema kwamba dawa ya mgongo wa mwananchi asiyeajiriwa haimo katika ofisi ya kazi peke yake. Imo katika idara ya maji, katika idara ya mifugo, na katika idara ya uvuvi.

PUNDA

Chukueni mfano wa punda. Katika nchi ya Wamasai, punda ndiye aondoaye maji mgongoni mwa mwanamke. Mwenye punda hupakia madumu na kutembea kando yake. Asiye na punda hujibebesha mwenyewe. Katika miaka ya karibuni biashara ya ngozi za punda, zinazotakiwa China kwa kutengenezea dawa, ilipandisha bei ya mnyama huyu na kuchochea wizi katika nchi nyingi za Afrika. Februari 2024 wakuu wa nchi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuizuia biashara hiyo barani kote. Watu wengi waliichukua habari hiyo kuwa ni habari ya wanyama. Sisi twasema ilikuwa habari ya migongo ya kina mama. Kila punda anayebaki hai katika boma la Piyaya ni madumu kadhaa ambayo hayatalala juu ya uti wa mgongo wa binadamu. Afisa mifugo anayemchanja na kumtibu punda huyo anafanya kazi ya daktari wa mifupa, hata kama mwenyewe hajaliona hivyo.

Vivyo hivyo kisima kinachochimbwa karibu na makazi. Vivyo hivyo mkokoteni wa kupitia mchangani, au kihori cha kubebea mwani kutoka shambani hadi nchi kavu. Vivyo hivyo gunia la kilo 50 mahali pa gunia la kilo 100.

YAFANYWAYO

Kwa hiyo tunatoa maoni yetu wazi wazi. Kwanza, cheti kinachotolewa na zahanati au hospitali, kile ambacho wafanyakazi wamezoea kukiita ED, kisitaje siku tu. Kitaje pia mzigo. Kiseme, kwa mfano, kwamba mtu huyu arudi kazini Jumatatu, asibebe zaidi ya kilo kumi kwa wiki tatu, asiiname kwa saa nyingi mfululizo, kisha aonwe tena. Maneno hayo machache hayagharimu serikali chochote ila wino.

Pili, wenye mamlaka ya vipimo, ya kazi na ya bandari, Bara na Visiwani, wakae pamoja wapange namna ya kuteremsha uzito wa gunia hatua kwa hatua. Mfanyabiashara atanung'unika kwa msimu mmoja, kisha atazoea, kama alivyozoea mambo mengine.

Tatu, mpango wowote wa maji, wa mifugo au wa mwani unapoandikwa, ulizwe swali hili kabla haujapitishwa: je, unapunguza mzigo juu ya mgongo wa nani, na kwa kilo ngapi? Mradi usioweza kulijibu urudishwe ukaandikwe upya.

Nne, wananchi wenyewe wasingoje serikali katika yale yaliyo ndani ya uwezo wao. Ndani ya boma na ndani ya mtaa, aliyeumwa apewe kazi za wepesi kwa muda, na wengine wagawane mzigo wake: mume, wake wenza, watoto wakubwa, jirani. Katika vikundi vya mwani, mwenye mgongo akae kwenye kukausha na kupanga kamba, na wenye nguvu waende majini. Kufanya hivyo ni kulinda mkono unaofanya kazi, na asiwepo wa kukuita uvivu.

Nao waajiri, wakubwa na wadogo, tunawaambia hivi: mtu aliyerudi kazini hali mgongo bado unamuuma amekwisha kufanya sehemu yake. Amekataa kitanda, amevumilia maumivu, amekuja. Kumrudisha mtu huyo chini ya mzigo uleule ni kumwadhibu kwa bidii yake, na baada ya wiki mbili utampoteza kwa miezi sita. Mpunguzieni mzigo siku ya kwanza, mwongezeeni kidogo kidogo kadiri anavyopata nguvu, naye atawafanyia kazi kwa miaka mingi ijayo.